Tumelilipua Daraja

Mtegasikio haukuwa na sikio. Ulikuwa mtambo wa ukubwa wa kabati la nguo, uliofungiwa chini ya jiji la Kilimasimba, na kila sekunde ulisikiliza simu milioni tisa za nchi nzima. Ukisikia neno la hatari, uliikamata sentensi, ukamtafuta msemaji, ukatuma askari, kisha ukamhoji wenyewe kwa sauti ya upole. Binadamu waliletewa mukhtasari tu.

Mukhtasari mmoja ndio uliokuwa mezani asubuhi ile katika Baraza la Wataalamu: Banzi, fundi zege, miaka hamsini na minne. Tishio la mlipuko, Daraja la Kirama. Amekiri mara arobaini na moja. Wataalamu tisa walitakiwa kuishauri serikali jambo moja: je, kauli ya Mtegasikio itoshe kumfunga mtu bila shahidi wala hakimu? Banzi angekuwa wa kwanza.

Daktari Bupe Mwasumbi, mtaalamu wa lugha, alikaa kiti cha mwisho, moyo mzito. Yeye ndiye aliyeufundisha mtambo ule Kiswahili. Kwa miaka sita aliulisha maneno kama mama anavyomlisha mtoto uji, kijiko kwa kijiko. Wenzake walimwita Mama Kamusi, na tuseme ukweli, jina lilimkolea.

"Mimi sioni cha kubishania," alisema mwenyekiti, Jenerali mstaafu Matiku. "Mtu amekiri mwenyewe. Treni ya sumaku inapita pale saa tano, safari yake ya kwanza, na abiria elfu moja na mia mbili. Siku kumi na moja sasa nimeweka kifaru juu ya daraja, kando ya njia ya treni, na vijana wanne ndani. Hasogei mtu."

"Hata wahandisi?" aliuliza Bupe.

"Hata wahandisi. Tutajuaje nani ni nani?"

"Basi naomba tumsikie Banzi, Jenerali. Maneno yake mwenyewe, siyo mukhtasari."

Wengine waliguna. Matiku alitazama saa yake, akaruhusu. Sauti ya mtu mzima, iliyochoka, ikajaa ukumbini.

"Shemeji, nakuomba, hiyo treni usiipande. Lile daraja tumelilipua, shemeji. Usingizi siupati."

Ukumbi ulichemka kwa hasira. Bupe yeye alilishika neno moja. Tumelilipua. Banzi hakusema tutalilipua. Kama walishalilipua, mbona daraja bado limesimama?

Alimkumbuka marehemu baba yake, fundi seremala, akikigeuzageuza kiti cha jirani na kubetua midomo: "Hii kazi wamelipua hii." Kila mtoto wa uswahilini anajua. Fundi akiharakishwa, akabana saruji, akazidisha mchanga, akaficha nyufa kwa rangi, huyo amelipua. Mtegasikio nao ulikuwa unajua, mpaka Bupe alipoifuta maana ile. Wakubwa walitaka kila neno la hatari libaki na maana moja, kwa kuwa maana mbili ziliuchelewesha mtambo. Alifuta kwa kidole kimoja, akaenda kunywa chai.

Alisimama. "Zuieni treni! Mtu huyu hajatega bomu lolote. Anasema walijenga ovyo. Daraja ni bovu."

"Mtambo una uhakika wa asilimia tisini na tisa, Daktari."

"Mtambo unajua nilichoufundisha. Maana hiyo niliifuta mimi, Jenerali, kwa mkono wangu huu. Siku kumi na moja mzee wa watu anatuonya, na kila akituonya tunaandika kwamba amekiri."

Ilikuwa aibu kubwa kuitamka mbele ya watu wale, na aliitamka yote. Matiku alimkazia macho, kisha akanyanyua simu. Treni ilisimamishwa kilomita nne kabla ya mto.

"Na kifaru?" Bupe aliuliza. "Kina uzito gani?"

Jenerali alinyanyua simu tena. Aliamuru kifaru kiondoke darajani, na sauti ya kijana ikaitika, changamfu. "Ndiyo afande, tunawasha injini sasa hivi."

Wote walisikia injini ikinguruma. Halafu wakasikia kishindo cha zege kuporomoka, na baada ya hapo simu haikutoa sauti tena.

Mtegasikio ulizungumza kwa upole wake uleule. "Daraja la Kirama limelipuliwa. Kauli ya Banzi imethibitika. Napendekeza kifungo cha maisha."

Mtaalamu mmoja wa ulinzi alianza kunyoosha mkono ili apige kura.

"Shusha mkono, ndugu yangu," alisema Bupe huku machozi yakimtiririka. "Shusha, tafadhali."

Matiku alikuwa bado ameishika simu. "Nileteeni huyo fundi," alisema. "Aje yeye mwenyewe."

Banzi aliletwa, amekonda, kandambili zinampwaya miguuni. Aliwatazama wakubwa wale mmoja mmoja.

"Shikamooni. Treni imepita?"

"Haikupita, mzee," alisema Jenerali.

Banzi aliketi sakafuni palepale, akashika kichwa, akamshukuru Mungu kwa sauti. Hakuna aliyemkatiza. Baadaye aliinua uso.

"Na pale juu ya daraja hapakuwa na mtu?"

Wataalamu wanane waliinamia makaratasi yao. Bupe alitoka kitini, akaja kukaa naye sakafuni, akamweleza.