Meno ya Marehemu Yoakimu

Sauda alikuwa amekiosha kikombe kile kwa mikono yake, akakifuta, akakipanga dirishani pamoja na vingine vya maonyesho. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alikikuta kina mate. Yalikuwa mate mazito ya kuvutika, yamening'inia ukingoni kama ute wa bamia, yananuka mdomo usiopigwa mswaki. Kikombe kilikuwa na picha ya mwanamume anayecheka. Sauda alikiosha tena, akimlaani kimoyomoyo mteja asiye na adabu.

Ubaya ni kwamba huyo mwanamume anayecheka hakuwahi kuzaliwa.

Pale Katesh, Sauda ndiye mtengenezaji wa picha za misiba. Unampelekea kapicha ka kitambulisho, yeye kwenye kompyuta anamvalisha marehemu suti, anamwekea maua, kisha anachapa fulana na mabango. Suti ni moja tu, ya bluu, na nusu ya marehemu wa Hanang wameivaa, wala hakuna aliyewahi kulalamika. Nyumbani nako hatulii. Matairi mabovu ameyageuza viti, mito ya sebuleni kaichapa mwenyewe, na mumewe Idrisa huuliza yeye atageuzwa pazia lini.

Kisha akaja Fabiola. Tope la mlimani lilipopita Jorodom lilimchukulia mume wake Yoakimu, nyumba, na kila picha aliyokuwa nayo. Sasa alikuwa anakaa Gendabi, kwenye chumba alichopewa na kaka yake. Alikuja na shemeji zake wawili, ndugu wa Yoakimu.

"Macho ni ya huyu," alisema, akimwonyesha mmoja, kisha mwingine. "Pua na kidevu ni vya huyu. Nitengenezee mume wangu, mwanangu."

Sauda akatengeneza. Fabiola akatazama, akatikisa kichwa.

"Yoakimu alikuwa mtu wa kucheka."

Shemeji mmoja alikuwa kibogoyo na mwingine hajui kucheka hata kwa kulazimishwa. Basi Sauda akafungua picha za Idi, akachukua kicheko cha binti yake Shamimu wa miaka sita, akakitanua, akakipachika. Fabiola aliipokea ile picha kwa mikono miwili, akalia. Na Sauda, kwa kuipenda mno kazi yake, akaichapa tena ile sura kwenye vikombe vya dukani na kwenye mto mmoja wa nyumbani.

Siku chache baada ya mate yale, fizi za Shamimu zilivimba, zikageuka nyeusi, zikaanza kutoa usaha wa kijani uliomchuruzika kidevuni akiongea. Hospitali walimsafisha, wakampa dawa. Kufika nyumbani usaha ukawa umerudi. Mtoto akakataa nyama, akakataa hata uji. Jioni moja Sauda alisikia mtu anatafuna sebuleni, taratibu, kwa kinywa wazi, akaenda kutazama huku Idrisa akimfuata nyuma, na harufu ile ya mdomo ikamjaa kooni kabla hajafika, na alipofika aliuona mto umelowa jasho lenye mafuta, na midomo ya yule mwanamume inang'aa mchuzi wa nyama aliyoikataa mtoto, na katikati ya kicheko kuna meno mawili madogo ambayo hayakuchapwa na mtu, meno ya kweli, mabichi, yenye damu kwenye mizizi.

"Usiuguse," Idrisa alinong'ona.

"Ni ya Shamimu. Yametoka leo asubuhi."

"Nyamaza, atatusikia."

Walimwita Maalim Hasani kutoka Dongobesh. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa kanzu.

"Umetengeneza sura isiyo na mwenyewe," alisema. "Jini amehamia. Choma zote. Ikibaki hata moja, mtoto atakwisha meno, halafu ulimi."

Alisoma dua, wao wakaviponda vikombe, vipande wakavitupa motoni pamoja na mto. Mto ulitoa moshi wa nywele na mafuta, na Idrisa akatapika ukutani. Lakini Shamimu aliendelea kuoza, kwa sababu nakala moja ilikuwa Gendabi.

"Shikamoo, mama," Sauda alisema mlangoni kwa Fabiola.

"Marahaba. Karibu, umetukuta tunakula."

Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Chini ya picha palikuwa na sahani ya ugali na mlenda, na mlenda ulikuwa umemjaa yule mwanamume kidevuni, nzi wakiulamba.

"Mama, huyo si mume wako."

"Najua," Fabiola alisema. "Yoakimu hakuwa mchafu hivi. Lakini nikimwita anaitika."

"Meno yake ni ya binti yangu. Yanamtoka. Maalim anasema utafuata ulimi."

Fabiola alichukua ncha ya kitenge chake, akamfuta yule mwanamume mdomo.

"Ni kweli?" alimuuliza.

Picha ikacheka, sauti ya mtoto mdogo kabisa. Fabiola akaitungua mwenyewe. Nyuma ilikuwa laini na ya vuguvugu, kama kiwele cha ng'ombe. Aliisukumiza motoni kati ya mafiga, akaikandamiza kwa mwiko wakati ikimwita kwa jina ambalo Yoakimu peke yake alikuwa akimwita. Hakuuondoa mwiko mpaka ikanyamaza.

Shamimu alipona. Fizi zilikauka, akaomba nyama. Sauda akafuta kila kitu kwenye kompyuta, na kwa siku kadhaa aliamini yamekwisha.

Kisha Fabiola akaja tena dukani, amevaa nguo ya kanisani.

"Mwanangu, nitengenezee mwingine," alisema. "Safari hii weka meno yangu."

Sauda aliifunika kompyuta kwa kitambaa. "Mashine imeharibika, mama."

"Nitasubiri."

Akakaa kwenye benchi la wapigwa picha, akatazama kamera, akafungua mdomo wote. Akatulia hivyo, mate yakimtiririka kifuani, wala hakuyafuta.