Maji ya Rejeta

Gari lilikuwa palepale, jekundu, boneti wazi, na mbele ya injini palikuwa na tundu ambalo mbuzi angepita bila kuinama.

Inspekta Swalehe alichungulia tundu lile, kisha akamgeukia mwenye gari. Nikolao, fundi makanika, alikuwa bado na suti yake ya kanisani na macho yamemwiva.

"Wameiba rejeta," alisema. "Inspekta, wameniua."

"Maiti haipigi kelele hivyo. Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Asubuhi, kabla ya misa. Nilifungua boneti nikaliaga."

"Uliliaga gari?"

"Leo ni siku yake."

Masasi nzima ilijua kwamba leo ni siku yake. Gari lenyewe lilikuwa MG ya Kiingereza, viti viwili, halina paa, liliachwa na daktari mmoja wa misheni aliporudi kwao. Kwa miaka mingi kuku walitagia kwenye viti. Nikolao aliwafukuza kuku, akang'oa injini iliyochoka, akapachika ya pikapu, akavalisha matairi mapana na bomba la moshi ambalo likinguruma wazee wa Lupaso, kijiji cha mbali, walidai wanalisikia. Mtaani waliliita Kindege.

Enzi zenyewe zilikuwa za ruksa. Korosho zilishaanza kununuliwa na watu binafsi, na mmoja wa hao, Abdulkadiri, alikuwa ameshusha gari jeupe la Kijapani kutoka Dubai. Siku moja, mbele ya watu wanaokunywa kahawa, alilitazama Kindege akacheka, akasema kuku warudishiwe nyumba yao. Nikolao hakuweza kulimeza. Wakawekeana ahadi kwa midomo, mashahidi wakashuhudia: Jumapili saa kumi jioni, uwanja wa ndege wa Masasi, magari mawili bega kwa bega, mstari mmoja ulionyooka, wa kwanza kufika mwisho ndiye mshindi. Atakayeshindwa anatoa gari lake. Asiyefika mstarini kwa wakati naye ameshindwa.

Kwa hiyo yule aliyechukua rejeta alikuwa amechukua gari zima, na pamoja nalo kitu pekee ambacho Nikolao alipata kukitengeneza watu wakasimama kukitazama.

Kibali cha mbio kilitoka wilayani. Mkuu wa Polisi wa Wilaya alimwita Swalehe akamwambia jambo moja tu: "Wakipigana uwanjani, nakuuliza wewe." Sasa ilikuwa saa sita na nusu, na Swalehe alishaanza kusikia shingoni mwake joto la swali hilo.

"Nani hakwenda kanisani asubuhi?" aliuliza.

Nikolao alicheka kwa uchungu. "Mtaa huu wote ni Waanglikana, tulikuwa huko wote. Ila namjua mmoja ambaye kanisani hana shughuli."

Konstebo Erasto hakungoja kutumwa. Alikuwa ameshatangaza kituoni kwamba Kindege litashinda, na aibu ilikuwa inamnyemelea. Baada ya muda mfupi alirudi na Abdulkadiri, kanzu nyeupe, uso umekunjamana.

"Asubuhi ulikuwa wapi?" Swalehe alimuuliza.

"Ghalani, napima korosho."

"Na nani?"

"Na wapimaji wangu, na wakulima wa Chiungutwa, na baiskeli zao. Waulize hata baiskeli."

"Unajua kufungua rejeta?"

"Inspekta, mimi tairi likipasuka namwita mtu."

"Una fundi."

"Fundi wangu ndiye huyu!" Abdulkadiri alimnyooshea Nikolao kidole. "Nani mwingine mjini anayejua kazi? Nikimwibia, gari langu nitampelekea nani?"

Hata Erasto aliona kwamba jibu hilo lina mashiko.

Swalehe aliinama tena kwenye boneti. Nati za rejeta hazikutupwa. Zilikuwa zimewekwa ndani ya kifuniko cha kopo, pamoja na boliti zake, juu ya betri, mahali ambapo mwenyewe angeziona. Mipira miwili ya maji ilikuwa imevutwa polepole, haikukatwa. Spana ilikuwa imerudishwa msumarini kwake, tena imefutwa.

"Mwizi mwenye adabu," alinong'ona.

Alijaribu kutafuta nyayo, lakini Emilia, mke wa Nikolao, alikuwa ameshafagia ua aliporudi kanisani, kama afanyavyo mwanamke yeyote mwenye kujiheshimu. Unga wa kuchukulia alama za vidole ulikwisha kituoni tangu mwaka uliopita. Swalehe alibaki na macho yake na mikono yenye grisi.

"Mama Gift, naomba maji ninawe."

Emilia alileta beseni na kopo. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na mtoto wake mchanga, Gift, alikuwa amelala mgongoni. Swalehe alinawa. Kisha, bila kufikiri, alilichukua beseni akatembea nalo hadi pembeni mwa ua, akayamimina yale maji machafu taratibu kwenye shina la mpapai.

Erasto alicheka. "Afande, Newala imekuharibu."

Ni kweli. Swalehe alifanya kazi Newala miaka kadhaa, kule juu ambako maji hununuliwa kutoka kwenye gari la maji au hubebwa kichwani kutoka bondeni, na tangu hapo mkono wake ulikataa kumwaga hata maji ya kunawia. Mke wake alimtania kila siku. Alisimama pale mpapaini na beseni tupu, akasahau kulirudisha.

"Nikolao, rejeta ilikuwa na maji?"

"Niliijaza mwenyewe jana. Pomoni."

Swalehe alirudi mbio, akalala chali chini ya gari na sare yake. Udongo wa pale ulikuwa mgumu, umeshiba oili ya miaka. Ulikuwa mkavu. Hapakuwa na unyevu, wala baka la kutu.

"Rejeta haitoki na maji yake," alisema akiwa bado chini. "Lazima uyafungulie kwanza. Mtu wa Masasi angefungua kizibo yakamwagika, akaendelea na wizi wake. Huyu alikinga. Mchana kweupe, mtaa karibu kurudi kutoka kanisani, yeye anakinga maji machafu kwenye ndoo, anayasubiri yaishe, halafu anaondoka nayo."

Alitoka chini akajipangusa.

"Huyo ni mtu wa Newala. Wewe kwenu ni wapi, Mama Gift?"

Emilia alishika kanga yake kwa mikono miwili. "Newala, Inspekta. Lakini mimi nilikuwa kanisani. Nimeimba kwaya."

"Alikuwa kanisani," Nikolao alidakia. "Tulikaa pamoja... hapana, yeye alikaa na kwaya. Lakini nilimwona!"

"Sijakukatalia. Mtoto naye aliimba?"

"Mtoto ana homa ya mafua," Emilia alisema. "Nilimwacha kwa mama."

Gift aliamka, akachomoa mguu mmoja kwenye mbeleko. Swalehe aliushika ule mguu mdogo kama mtu anayesalimia mkubwa wake, akaugeuza. Unyayoni palikuwa na alama nyeusi ya grisi, mbichi.

"Kijana," alimwambia mtoto, "wewe ndiwe shahidi wangu wa kwanza."

Emilia akaanza kulia.

Mama yake, Bi Cecilia, alikuwa ameteremka kutoka Newala kuja kumwona mjukuu. Alifikia nyumba ya jirani, kwa Mama Joel, kwa kuwa kwao mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Wala hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Tangu Nikolao amwoe Emilia, mama mkwe na mkwewe hawakuwa wamebadilishana hata neno moja, na kila mmoja alijua kwamba hiyo ndiyo heshima.

Walimkuta amekaa kizingitini, kanga kichwani, kama mtu aliyekuwa akiwangoja. Alipomwona Nikolao nyuma ya Swalehe, aligeuza kichwa kuelekea ukutani. Nikolao naye akageukia uzio. Swalehe akabaki katikati, akiwa na migongo miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Iko chini ya makopa."

"Nini iko chini ya makopa?"

"Usinichoshe. Hicho ulichokuja kukitafuta."

Erasto aliingia ndani, akafukua lile lundo la mihogo mikavu, akatoka na rejeta mikononi. Uso wake uliangaza.

"Ulifungua peke yako?" Swalehe aliuliza.

"Na mtoto mgongoni. Marehemu mume wangu aliendesha gari la maji, nami nilikuwa tandiboi, utingo wake. Nani unadhani alikuwa akishika spana?"

"Muulize kwa nini!" Nikolao aliuambia uzio. "Muulize mama nimemkosea nini! Saa kumi gari langu linachukuliwa!"

"Mama, mkweo anauliza..."

"Nimesikia, si kiziwi. Mwambie mume wa binti yangu kwamba gari lake linagonga mbele. Kila likikata kona kuingia uani, ko, ko, ko. Mimi niko jikoni kwa Mama Joel nalisikia. Gari la marehemu liligonga hivyo hivyo. Nikamwambia, akasema ni mawe. Likamwangusha kwenye mteremko, na maji yote yakamwagika, na watu walikuja na ndoo kabla hawajaja kwake."

Abdulkadiri, aliyekuwa amewafuata ili asafishe jina lake, aliivua kofia yake.

"Nilimtuma Emilia akamwambie," Bi Cecilia aliendelea, taratibu sasa. "Si mara moja. Jibu likarudi kwamba gari hili si gari la maji. Kwenda kumwambia kwa kinywa changu siwezi. Nifanyeje? Mwambie gari hutengenezwa jingine. Mwambie sikutaka mwanangu avae nguo nyeusi niliyoivaa mimi. Basi, nifunge pingu."

Nikolao alikuwa ameinamisha kichwa. "Ni kweli Emilia aliniambia," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini tairodi nimeichomelea mwenyewe. Ni imara. Mwambie mama ni imara."

"Simwambii," Swalehe alisema. "Twende tukaiulize yenyewe."

Tairodi ni kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele ili litii usukani. Swalehe hakuhitaji kujua zaidi ya hapo. Alimkalisha Nikolao kwenye kiti, akamwambia Erasto na Abdulkadiri wasukume nyuma, injini ikiwa imezimwa, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Gari lilisogea. Nikolao alikata usukani kushoto.

Ko.

Akakata kulia.

Ko, ko, kisha mlio mwingine, mfupi, kama kuni kavu inayovunjwa kwa goti. Gurudumu la kulia liligeukia upande wake, la kushoto likaenda upande wake. Kindege lilipiga magoti katikati ya ua.

Nikolao alizungusha usukani. Ulizunguka bure, mwepesi kama wa mtoto anayechezea sahani. Akaendelea kuuzungusha, huku jasho likimtiririka, mpaka Swalehe akamshika mkono.

"Basi."

"Pale uwanjani," Nikolao alisema, "kwa mwendo ule..."

"Mimi ningekuwa kulia kwako," Abdulkadiri alisema. Alikuwa amekaa chini kwenye oili na kanzu yake nyeupe, wala hakujali. "Bega kwa bega. Ungeniingia mlangoni. Wallahi, tangu juzi sijalala kwa hofu, nimekosa tu pa kuisemea." Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyefunguliwa kamba. "Sikiliza, fundi. Gari lako silitaki. Litengeneze. Ukishalitengeneza, mama wa kule jikoni alisikilize kwanza. Akisema halina ko, ko, tutashindana."

Erasto alitumwa uwanjani kuwaambia watu warudi makwao. Waliguna, lakini waliposikia kilichotokea walikuja wote kutazama gurudumu, na hakuna aliyepigana na mtu. Swalehe alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Furaha ilimjaa kifuani hata akaona haya, maana polisi hatarajiwi kushangilia.

Ilibaki kesi. Alirudi kizingitini.

"Mama, ulikusudia kuirudisha rejeta?"

"Kesho asubuhi. Nikaifanyie nini Newala? Niipikie?"

"Basi wizi haujatimia. Na mlalamikaji?"

Mlalamikaji alikuwa amesimama kwenye pengo la uzio, amegeuza mgongo. Alisema hana malalamiko. Swalehe akasema kazi yake imekwisha, na ya ukalimani pia, akachukua kofia yake akaondoka. Lakini alipofika njiani aligeuka kutazama, kwa sababu naye ni binadamu.

Bi Cecilia aliingia ndani akatoka na ndoo iliyofunikwa kwa sinia. Aliitua chini katikati ya ua, akarudi kizingitini, akampakata mjukuu wake na kumgeuzia baba mgongo.

"Gift," alimwambia mtoto, ambaye hakuwa na hata jino moja, "mwambie baba yako maji yake hayo. Sikumwaga hata tone."

Nikolao alikwenda kinyumenyume mpaka kwenye ndoo. Alifunua sinia akayaona, mekundu kwa kutu, yametulia. Alichutama hapo, mabega yakimtikisika.

"Gift," alisema hatimaye, "mwambie bibi yako shikamoo."

Mtoto alicheua. Bi Cecilia alimfuta mdomo kwa ncha ya kanga, na bila kugeuka, bila kupitia kwa mtoto, akajibu mwenyewe:

"Marahaba, mwanangu."