Jalada la Mwenye Dada Marehemu

Jalada lilitoweka Alhamisi, kati ya saa nne na saa sita mchana. Kabati la chuma lilikutwa limefungwa, kufuli zima, na dirisha lina nondo.

"Lilikuwa la nani?" Inspekta aliuliza.

"La kijana mmoja wa kompyuta," alijibu ofisa upekuzi, mwanamume mnene aliyekuwa akijifuta jasho kwa leso. "Anaomba kibali cha usalama. Akikipata, atasimamia mitambo inayotunza siri za serikali. Kwa hiyo tunamchimba tangu utotoni. Alisoma wapi, aliishi na nani, ana ugomvi na nani."

"Umechimba, umekuta nini?"

"Nilikuwa bado sijamaliza," alisema, macho yake yakiwa kwenye leso.

Sajini wa alama za vidole alifanya kazi yake kimya. Kwenye mkono wa kiti cha wageni alikuta unga wa buluu, akaukwangua na kuutia kwenye kimfuko.

Tuhuma za kwanza zilimwangukia mwenye jalada. Alifika kituoni amevaa shati lililonyooshwa hadi likakaa kama ubao.

"Jalada lako likipotea, nani anafaidika?"

"Si mimi, afande. Likipotea tunaanza upya, na mimi nimeshasubiri miezi kumi na minne."

"Alhamisi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kazini. Mtambo uliharibika. Watu tisa walikuwa wamenisimamia kichwani."

"Una ndugu?"

"Nilikuwa na dada. Alifariki."

"Pole sana."

"Ni zamani," alisema kijana, akatazama saa yake.

Wale watu tisa waliulizwa mmoja mmoja, na wote wakamtetea. Jioni hiyo sajini alileta majibu ya maabara.

"Ule unga ni chaki, afande. Lakini si ya ubaoni, ina nta. Ni ile ya mafundi cherehani, ya kuchorea nguo."

"Na kwenye droo ya kabati?"

"Vidole vya mtu mmoja tu. Vya ofisa mwenyewe."

Kesho yake Inspekta alirudi katika ofisi ya upekuzi, akafungua daftari la wageni na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Alhamisi, saa nne na nusu. Mwanamke. Kazi: ushonaji.

"Huyu ni nani?"

Ofisa alikaa chini kabla ya kujibu. "Shahidi. Majirani wa zamani walinielekeza kwake. Ni dada wa mwombaji."

"Dada wa mwombaji amekufa."

"Ndivyo fomu inavyosema."

"Na jalada halikuibwa kabatini."

"Nililiacha mezani, nikaenda kunywa chai. Dakika kumi tu. Niliporudi, mama hayupo na jalada halipo. Nikafunga kabati, nikapiga simu kwenu. Nimebakiza miaka mitatu tu kustaafu, mkuu."

Chumba cha ushonaji kilikuwa nyuma ya duka la viatu. Mwanamke wa makamo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Karibu, afande. Nilijua mtakuja."

"Jalada liko wapi, mama?"

Alionyesha pasi ya mkaa kwa kidevu. "Nilililisha humo, ukurasa mmoja mmoja. Jivu nimeshamwaga."

"Kwa nini?"

Alikunja gauni alilokuwa akilishona, akalipapasa hata pale lisipokuwa na kunyanzi.

"Yule ofisa alipokuja kunihoji, nilimweleza kila kitu kwa furaha. Mtoto nimemlea mwenyewe. Mama yetu alituacha yeye akiwa na miaka tisa. Nikatia saini. Nikauliza, yeye kaniandikaje? Ofisa akacheka, akanionyesha. 'Dada: marehemu.' Ule mwandiko naujua, afande. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumfundisha herufi."

"Ukapata hasira."

"Nililia siku mbili. Ya tatu nikafikiri. Mimi nikiwa hai, yeye ni mwongo, na kazi hapati. Nikiwa nimekufa, mambo yake yananyooka. Nikaenda kuomba maelezo yangu yafutwe. Ofisa akakataa, akaenda zake chai."

"Yeye alikuwa na sababu gani ya kukuua kwenye karatasi?"

"Nilifungwa miaka miwili. Nilikutwa na kompyuta ya wizi. Niliinunua kwa mtu sokoni, sikumjua."

Aliyasema haraka, kama mtoto anayekariri somo.

Kituoni, Inspekta aliagiza kijana aitwe. Aliingia, akamwona dada yake kwenye benchi, akageukia ukuta.

"Dada yako ameungama," alisema Inspekta.

Kijana alishika meza.

"Afande, nilikuwa na miaka kumi na saba. Chuo kilikuwa na kompyuta arobaini. Nilitaka kujifunza tu, ningeirudisha. Yeye ndiye aliyesema tuifiche chini ya vitambaa."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alimsogelea kijana.

"Ameungama kuchoma jalada. Kompyuta alituambia aliinunua sokoni."

Hapo ndipo kijana alipomgeukia dada yake.

"Kwa nini uliandika amekufa?" Inspekta aliuliza. "Ungeweza kuandika alifungwa. Aliyefungwa ni yeye, si wewe."

"Wangeuliza alifungiwa nini. Na si hilo tu. Kila nikienda kwake ananiandalia chakula, ananiuliza kazi ikoje. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ningeweza kuvumilia kama angenitukana. Nikaona afadhali nimzike."

Inspekta alivuta karatasi mpya, akaandika tarehe.

Mwanamke alikuwa bado benchini, mikono yenye chaki imelala mapajani.

"Ungenyamaza tu, mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa nimeshayamaliza."