Kalamu Isiyo na Lebo

Friji ya famasi ilinuka nyama ya kuchoma. Mfamasia aliifungua asubuhi ile, akaifunga, akaifungua tena. Ndani hamkuwa na chakula. Rafu ya juu kalamu za sindano za wagonjwa wa sukari, rafu ya chini zile za kupunguza uzito. Na baina yao, peke yake, kalamu isiyo na lebo. Aliishika. Ilikuwa na joto, kama yai lililotoka tu kutagwa.

Akaitia kwenye ndoo ya dawa za kuteketezwa.

Saa nne akaingia wifi yake, dada wa mumewe. Ukoo mzima ulimwita Bonge. Naye hucheka nao, kisha huenda kulia bafuni.

"Wifi, niambie ukweli. Hii ya sukari na hii ya uzito si kitu kimoja?"

"Dawa yenyewe ni moja. Vipimo ndivyo vinatofautiana, na kila moja imeidhinishwa kwa kazi yake. Hazibadilishwi hivihivi."

"Kumbe pacha! Sasa unaninyima hata mmoja?"

"Hata pacha, kila mmoja ana mume wake. Nenda kwa daktari, akupime, akuandikie."

Akaja mteja, mfamasia akageuka kumhudumia. Alipomaliza, wifi hayupo, na ndoo ilikuwa wazi, ile kalamu haimo.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alikwenda nyumbani kwao, wifi hakufungua mlango wa chumba. Siku ya tatu, adhuhuri, mama mkwe ndiye aliyempigia, akinong'ona: "Mwanangu, njoo. Nimeshamwita mganga. Mwenzio hali kitu, lakini chumbani nasikia mtu anatafuna."

Chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha, na hilo ndilo lililotisha. Wifi alikaa kitandani, ngozi imemning'inia kama shuka lililoanikwa. Tumbo lake pekee lilikuwa limejaa, nalo lilikuwa likitembea.

"Wifi," mfamasia akasema polepole, akimnyooshea mkono, "twende hospitali."

"Mimi sina njaa. Mwenzangu ndiye mwenye njaa."

Kisha taya zikafunguka kupita kiasi cha mtu, zikaubana mkono ule, na mfamasia akasikia mifupa yake mwenyewe ikivunjika kabla hajasikia maumivu, akapiga yowe, akampiga ngumi za uso, akavuta, na kadiri alivyovuta ndivyo meno yalivyozama, damu ikaruka ukutani, mama mkwe akaanguka mlangoni akimwita Mungu, hadi mkono ukachomoka na vidole viwili vikabaki kule.

Wifi akameza.

Mganga, mama mmoja mfupi aliyewahi kuwa muuguzi, akaingia mbio, akamrukia wifi, akamkandamiza kifua kwa goti. "Wewe ni nani?"

"Njaa!" Sauti ilitoka tumboni, nzito, ya kiume. "Mnanifukuza tumbo hili, tumbo lile, kwa visindano vyenu. Nilale wapi?"

"Si humu!"

Mganga akamsomea sikioni, akimpiga mgongo kwa kiganja, wifi naye akimrarua mashavu kwa kucha, wakabingirika sakafuni, kitanda kikavunjika, mpaka wifi akatapika kitu cheusi chenye nywele na meno. Kikaparamia ukuta, kikapasua kioo cha dirisha, kikaenda.

Mganga akajifuta damu, akamvuta mfamasia pembeni. "Asijue alichokula. Akiikumbuka ile ladha, amekifungulia mlango. Umenielewa?"

Baada ya wiki mbili, wifi aliketi mezani kwa mfamasia, akila mkate na chai, taratibu, kama mtu aliyefufuka. Hakuna aliyemwita Bonge tena.

"Na huo mkono, wifi? Bandeji yote hiyo?"

Mama mkwe akainamia kikombe chake.

"Mbwa," mfamasia akajibu.

"Masikini! Mbwa wa nani?"

"Wa mitaani tu. Kula, wifi."

Wifi akaacha kutafuna. Akaitazama bandeji kwa muda mrefu, akalamba midomo, kisha mate yakaanza kumdondoka, tone kwa tone, juu ya kitambaa cha meza.