Udongo Unauliza: Mpo?

Wewe unayesikiliza, umewahi kunusa mvua?

Si kuiona. Kuinusa. Ile harufu inayopanda kutoka chini, matone ya kwanza yakigonga udongo. Tap. Tap. Tap.

Tusekile aliinusa karibu kila siku. Alikuwa na miaka sita, na aliishi Tukuyu. Tukuyu mvua haijui kuchoka.

Tusekile alikuwa na kopo. Ndani ya kopo kulikuwa na udongo. Ndani ya udongo kulikuwa na mharage mmoja.

Mharage huo ulikuwa mfupi kama kidole. Tusekile aliuita Mrefu. "Utakua tu," aliuambia. "Mimi pia nakua."

Siku moja, Mwalimu Mkuu Mwaipaja alibandika karatasi ukutani. Iliandikwa hivi: VIJIDUDU NI ADUI. TIA DAWA.

"Mwalimu, vijidudu vyote?" aliuliza Tusekile.

"Vyote," alisema Mwalimu Mwaipaja. "Keti."

Tusekile akaketi. Akawaza kopo lake. Udongo ni uchafu. Uchafu una vijidudu. Maskini Mrefu.

Alipofika nyumbani, akachukua chupa ya dawa, ile ya bluu. Akatia vifuniko viwili ndani ya kopo. Gluk. Gluk.

Kesho yake akanusa kopo. Harufu ya mvua haikuwepo. Kulikuwa na harufu ya choo. Choo kisafi, sawa. Lakini choo.

Siku ya nne ukungu ukaota juu ya udongo. Ulikuwa mweupe kama pamba. Ukapanda shina la Mrefu, polepole, polepole. Mrefu akainama.

Tusekile akakimbilia jikoni kwa Shangazi Lugano, dada yake baba.

Shangazi alisoma chuo kikuu. Alisomea udongo, miaka mitatu mizima. Digrii yake ipo kabatini, chini ya mashuka. Shangazi mwenyewe yupo jikoni, anakaanga vitumbua vya kuuza.

"Shangazi, Mrefu anaumwa. Na dawa nilimpa."

"Dawa gani?"

"Ya bluu."

Shangazi akanusa kopo. Akafumba macho. "Mama, hii ni dawa ya choo. Mrefu ni choo?"

"Si choo."

"Haya."

"Lakini Shangazi, dawa si ni dawa?"

"Hapana. Kuna dawa ya kuponya, na kuna dawa ya kuua. Kiswahili kimezipa jina moja, kazi kwako. Umewaua waganga wa Mrefu."

"Waganga gani?"

"Bakteria wa udongo. Wadogo kuliko wadogo. Ile harufu ya mvua ni yao."

Tusekile akatazama vidole vyake. Akavinusa. "Harufu ya mvua ni ya vijidudu?"

"Ya vijidudu. Na wanatengeneza dawa, ile ya kuponya. Hata dawa nyingi za hospitali, watu walizikuta kwao kwanza. Niko siriasi. Funga viatu."

Wakaenda nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Ulinukia mvua.

Wakamwaga udongo wenye dawa ya choo. Wakajaza kopo udongo wa migomba. Wakamrudisha Mrefu taratibu, na ukungu wake shingoni.

"Sasa watengeneze dawa," alisema Tusekile.

"Bado. Kwanza wanaulizana."

"Wanaulizana nini?"

Shangazi akachuchumaa. "Bakteria mmoja anatoa kitu kidogo sana, kama harufu. Kitu hicho ni swali. Mpo? Mwenzake akikipata, naye anatoa. Tupo."

"Na wakiwa wachache?"

"Wananyamaza. Wanakula, wanaongezeka. Kutengeneza dawa ni kazi kubwa, mama. Mmoja akihangaika peke yake, anachoka bure. Niulize mimi."

Siku ya kwanza, Tusekile akaweka sikio kwenye kopo.

*Mpo?*
*Tupo.*

"Sisikii kitu, Shangazi."

"Hutasikia. Hawana midomo, na hawana vocha. Wanaongea kwa harufu."

Siku ya pili, ukungu ukagusa jani. Jani likaanguka. Pu.

*Mpo?*
*Tupo, tupo.*

"Shangazi, wanachelewa. Mrefu amebaki na jani moja."

"Bado ni wachache. Ngoja."

"Nikiongeza matone ya bluu kidogo tu?"

Shangazi akamtazama. Tusekile akairudisha chupa mahali pake.

Siku ya tatu, mvua ikanyesha. Tap. Tap. Tap. Tusekile akatoa kopo nje, likapata matone machache.

Chini ya udongo, bakteria mmoja akauliza. Wa pili akauliza. Wa mia akauliza. Swali likajaa kopo zima.

*Mpo?*
*Tupo, tupo, tupo, tupo, tupo.*

Sasa walikuwa wengi. Sasa wote walijua kuwa ni wengi. Wakaanza kazi, wote kwa pamoja. Sss, dawa ikatoka. Sss, ikazunguka shina la Mrefu.

Ukungu ukasimama. Siku iliyofuata ukanyauka. Siku nyingine ukapukutika kama unga.

Na Mrefu? Mrefu akainua shingo. Akatoa jani jipya, la kijani, limekunjwa kama barua.

"Ndaga, bakteria," alisema Tusekile. Kwa Kinyakyusa, hiyo ni asante.

Jumatatu, Tusekile akapeleka kopo shuleni. Akasimama mbele ya Mwalimu Mwaipaja.

"Mwalimu, nusa."

Mwalimu akanusa. "Mvua," alisema.

"Hao ni vijidudu, Mwalimu. Ndio waliomponya Mrefu."

Mwalimu akanusa tena. Akakohoa. Akakuna kichwa. Kisha akachukua kalamu, akaenda ukutani. Karatasi sasa inasema: VIJIDUDU VINGINE NI ADUI. ULIZA KWANZA.

Jioni ile, Tusekile akapanda kitandani, Shangazi akamfunika. Mrefu alikuwa dirishani. Nje, mvua ilianza tena. Tap. Tap.

"Shangazi, na wewe uliwahi kuuliza mpo?"

"Niliuliza. Barua arobaini na moja za kuomba kazi."

"Nani alijibu?"

"Mmoja. Alisema nitume tena."

Tusekile akawaza. Shule yao haina mwalimu wa sayansi. Mwalimu Mwaipaja anafundisha hisabati, anafundisha sayansi, na anagonga kengele.

"Shangazi, nipe karatasi."

"Ulale."

"Karatasi kwanza."

Tusekile akaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje. Shangazi akamsaidia maneno marefu tu. Kisha Tusekile akalala fofofo, kalamu mkononi.

Shangazi akaisoma barua. Akacheka kidogo. Akaisoma tena, hakucheka. Akaikunja vizuri, ikapelekwe asubuhi.

Iliandikwa hivi:

*Wakubwa mnaogawa kazi,*

*Shule yetu haina mwalimu wa sayansi. Shangazi yangu anajua udongo. Yupo jikoni.*

*Bakteria hawana masikio, lakini wakiulizwa wanajibu. Nyinyi mna masikio mawili mawili.*

*Mpo?*

*Jibuni.*