Waliopatwa Nje

Kilichotupeleka Kaptuiyo jioni ile ni theluji, na Kaptuiyo hakuna theluji.

Mkurugenzi wetu alikuwa ametoka Uswisi kwa ziara ya mafunzo. Alirudi na kofia ya sufu, ambayo aliivaa hata katika mikutano ya adhuhuri pale Nakuru jua likichoma, na akarudi na wazo. Kule, alitueleza, wanakijiji wa milimani hungoja msimu wa baridi kama sisi tunavyongoja mshahara, kwa sababu wageni huja kuteleza. Wiki hiyo hiyo mtu akamtumia video ya watoto wa Kaptuiyo, kule juu kabisa ya Molo, wakiteleza mteremkoni kwa mabeseni yaliyovunjika baada ya mvua ya mawe. Mteremko mzima mweupe pe. Basi. Kamati ikaundwa, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo ikanituma mimi, Omolo, nikapige picha mahali ambapo mitambo ya kuwapandisha wageni ingesimikwa. Kwamba mawe yale huyeyuka kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi halikuwa suala la kamati ndogo.

Dereva alikuwa Maxwel. Tulikuwa tumezunguka pamoja muda mrefu hivi kwamba mke wake, Cate, aliniita shemeji na kunigombeza kama shemeji. Maxwel alikuwa mtu wa maneno mengi na koti jepesi.

"Boss, hii baridi si ya binadamu," alisema, mikono kwapani. "Mzungu akija kuteleza hapa, atateleza mpaka mochari. Piga picha twende. Cate amepika matumbo."

"Imebaki moja."

"Ndiyo hiyo moja huua watu."

Sikuipiga. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, na nyuma yake wingu lenye rangi ya chuma cha zamani. Kondoo waliokuwa wakila mteremkoni waliinua vichwa, wote kwa pamoja, wakakimbia. Hakuna mbwa aliyewafukuza. Hakuna mtu aliyepiga mluzi.

Kisha jiwe la kwanza likagonga boneti.

Ko.

Tuliendesha hadi boma la karibu, nyumba ya mbao na mabati iliyokuwa ikifuka moshi chini ya mteremko. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni. Hakushangaa kutuona. Alituangalia mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechagua mbegu.

"Ingieni, ingieni. Leo nje si pahali pa kusimama."

Jina lake Jerotich. Ndani mlikuwa na harufu ya moshi, maziwa na viazi vya kuchoma. Watoto wake walikuwa wamelala nyuma ya pazia. Karibu na moto aliketi mama mkwe wake, ambaye kila mtu humwita Gogo, mzee aliyefunikwa macho yote mawili na mtoto wa jicho. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye koti la mvua la kijani, amemkumbatia kondoo dume aliyeshinda zawadi.

"Huyo ni Kibii, bwana yangu," Jerotich alisema kabla hatujauliza. "Mwaka jana mawe yalianguka kama hivi. Akatoka kuleta kondoo. Kondoo walirudi wote."

Alitumiminia chai.

"Yeye tu."

"Pole sana, mama," nilisema. "Na serikali ilisemaje?"

"Chifu aliniambia mtu aliyepotea hawezi kufa mpaka miaka saba iishe. Kwa hivyo mimi si mjane. Na si mke." Aliketi kwenye kigoda chake, akatandaza leso magotini hadi sakafuni. "Mimi namtaka tu arudi. Namna yoyote."

"Mimi mwanangu nilimlilia nikamaliza," Gogo alisema. "Huyu amekataa kumaliza."

Mvua ya mawe ikatufikia.

Kama hujawahi kuwa chini ya mabati mawe yakianguka, sina namna ya kukueleza. Husikii mvua. Unasikia nyumba ikipigwa. Tulipiga kelele ili tusikilizane, na kelele ya kwanza ilikuwa ya Maxwel.

"Kioo!"

Gari lilikuwa la serikali. Dereva akivunja kioo cha gari la serikali, hata kama aliyekivunja ni Mungu, dereva huandika maelezo, na Mungu haitwi kushuhudia.

"Acha tu," nilimwambia. "Tutaeleza."

"Wewe hutaeleza, boss. Mimi ndio nitakatwa."

Jerotich tayari alikuwa amesimama na magunia ya viazi mkononi. "Funika na haya," alisema. Alifungua mlango mwenyewe. Maxwel akajitwika gunia moja kichwani, akacheka.

"Nikifa, mwambie Mkurugenzi nilikufa nikiteleza."

Mlango ukafungwa. Jerotich akarudi kigodani, akatandaza leso yake tena.

Gogo aligeuza uso kumwelekea. "Jerotich. Shoka umelitupa nje?"

"Nimelitupa, mama."

"Makali juu?"

"Juu."

Nilitabasamu. Hata nyanya yangu alikuwa akitupa jembe uani mawe yakianza, ili mawe yakatike, na niliwahi kusoma kitabu kizima kinachoeleza kwa nini wakulima hufanya hivyo. Nikamwambia Gogo kwamba desturi hiyo tunayo hata sisi.

"Kukata mawe ni kitu wanaambiwa watoto," alisema. Alinivuta sikio lifike mdomoni mwake, maana mabati yalikuwa yakinguruma. "Shoka ni la kuwazuia wasifike mlangoni."

"Akina nani?"

"Waliopatwa nje."

"Wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Wanasikia baridi."

Alisukuma kuni ndani. Moto ulipasuka.

"Shoka likiwa pale, wanaishia getini. Tunawasikia wakigonga nguzo, tunalala. Lisipokuwa pale, na mtu wa ndani akatoka... mmoja wao huingia mahali pake. Na huyo aliyetoka..."

Alitema mate motoni.

Sijui kwa nini nilitazama chini wakati ule. Nilitazama tu. Leso ya Jerotich ilikuwa imefika sakafuni, lakini upande mmoja ilikuwa imeinuka kidogo, imeinuliwa na kitu. Mpini. Mpini wa mti, mweusi, uliong'arishwa na viganja vya miaka mingi.

Shoka lilikuwa chini ya kigoda.

Nikamtazama usoni. Akanitazama. Hakuona haya, wala hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama unavyomkataza mtoto asiseme kitu mbele ya wageni.

Mawe yakakoma. Yote kwa pamoja, kama bomba lililofungwa.

Kimya kile kiliuma masikio. Nje, mbali, nilisikia mtu akitembea juu ya mawe. Kra... kra... kra... Hatua nzito, za viatu vya mpira. Maxwel alikuwa na viatu vya ofisi.

Kisha zikakoma.

Ko. Ko.

"Shoka liko nje?" Gogo aliuliza.

"Liko nje, mama."

"Basi mbona anabisha mlangoni?"

Niliruka. Nilishika mpini nikavuta, na Jerotich akakanyaga chuma kwa mguu wake wote.

"Mgeni, tafadhali," alinong'ona.

"Maxwel ana watoto!"

"Hata Kibii anao."

"Huyu hakukukosea chochote!"

"Ndiyo," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini mguu haukusogea. "Hakunikosea. Chai yangu alinywa vizuri."

Ko.

Akautoa mguu ghafla, nikaanguka chali na shoka kifuani. Kabla sijainuka alikuwa amefika mlangoni. Akaufungua.

Kwanza iliingia harufu. Kila anayelima viazi huko juu anaijua: harufu ya majani yaliyopondwa, mbichi, chungu, asubuhi unapoamka na kukuta shamba lote limelala. Kisha akaingia yeye. Koti la mvua la kijani. Mawe madogo yalikuwa yamekwama kwenye nywele na kwenye nyusi, na alipofika motoni hayakuyeyuka.

Aliketi. Akanyoosha mikono kwenye miali, karibu mno. Haikuungua.

"Nilikuwa nauona moto wenu," alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini. "Kila mara."

"Karibu nyumbani, Kibii," Jerotich alisema.

Gogo aliinuka, akapapasa ukuta, akahamisha kiti chake mbali na mwanawe. Nyuma ya pazia mtoto mmoja alianza kulia, kisha akanyamaza kama aliyezibwa mdomo na mwenzake.

Nilitoka na shoka mkononi.

Mwezi ulikuwa umejitokeza na mteremko wote ulikuwa mweupe, mzuri, kama ile picha ya Uswisi ambayo Mkurugenzi ametundika nyuma ya kiti chake. Magunia yalikuwa yametandikwa vizuri juu ya kioo cha gari, pembe zimefungwa. Kutoka hapo nyayo za viatu vya ofisi zilielekea juu. Hazikukimbia. Zilitembea. Na nyayo za viatu vya mpira zilishuka. Mahali fulani katikati ya mteremko zilikutana, ana kwa ana, na mawe ya hapo yalikuwa yamekanyagwa kidogo, kama watu wawili waliosimama kusalimiana.

Nilipanda huku nikiita. Ukungu ulikuwa ukinisubiri juu.

"Maxwel!"

"Boss."

Sauti ilitoka mbali, lakini niliisikia sikioni.

"Maxwel, shuka! Twende!"

"Nimefunika kioo."

"Nimeona. Shuka."

Kisha hatua chache. Kra... kra... Nikaona umbo lake ndani ya ukungu, gunia bado kichwani. Lilisogea, likakoma. Likasogea upande, likakoma tena, kama ng'ombe anayetafuta mwanya kwenye ua.

"Boss, weka hicho kitu chini nije."

Nilikuwa nimeshika shoka kwa mikono yote miwili.

"Niweke, uje, halafu?"

Hakujibu. Nadhani hakutaka kunidanganya. Maxwel hakuwa mwongo.

"Baridi, boss," alisema. "Weka chini."

Sikuliweka.

Nilishuka kinyumenyume hadi kwenye gari, nikayang'oa magunia, nikaendesha hadi Molo mjini shoka likiwa mapajani.

Kituoni, afande alinisikiliza kwa subira. Asubuhi walipanda, wakakuta mawe yameyeyuka na Kibii ameketi mekoni. Afande alirudi akiwa na furaha ya mtu aliyefunga faili la zamani. Alinieleza kwamba eneo lake lilikuwa na mtu mmoja aliyepotea, na bado lina mtu mmoja aliyepotea, kwa hivyo kitakwimu hali ya usalama haijabadilika. Ofisini walimwandika Maxwel kuwa amehepa kazi. Meneja wa magari alikagua gari pande zote, akasifu: hakuna hata mkwaruzo.

Mradi wa kuteleza unaendelea. Uko ngazi ya ushauri.

Nilikutana na Jerotich mara moja tu, soko la Molo, anauza viazi. Alikuwa amekonda. Nikamuuliza habari za nyumbani, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumuuliza.

"Anakaa motoni," alisema. "Kuni zinaisha haraka. Gogo alihama na watoto. Lakini usiku nikisikiliza, anapumua. Hiyo inanitosha."

Niliokota viazi viwili nisivyovihitaji. Vilikuwa baridi.

"Yule mke wa dereva alikuja," aliongeza. "Cate. Alilala kwangu siku mbili. Tulilia pamoja. Aliniuliza nilifanyaje, na mimi singeweza kumnyima mwanamke mwenzangu."

"Ulimwambia?"

"Yote. Hata ya wewe na shoka."

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Tangu wakati huo Cate amekuwa mwema kwangu kupita kiasi. Ananiletea matumbo ofisini kwenye bakuli lenye kifuniko. Ananiuliza afya yangu. Hajanitajia shoka hata siku moja. Wala hajaniuliza kwa nini mimi nilirudi.

Leo idara ya hali ya hewa imetangaza mvua ya mawe nyanda za juu kuanzia jioni. Saa nane Cate alikuja na barua ya kuomba apelekwe Kaptuiyo, akaone mahali mumewe alipopotelea. Ofisi ambayo hukaa miezi miwili kunipa kalamu iliidhinisha safari kabla ya saa tisa, na ikaniteua mimi nimsindikize, kwa kuwa ndimi ninayeijua njia.

Ninaweza kukataa. Nimekaa hapa mezani nikilifikiria jambo hilo. Ninaweza kusema naumwa. Lakini kila usiku nikizima taa namsikia Maxwel ananiomba niweke shoka chini, bila hasira, kwa adabu ile ile ya dereva kwa boss wake, na sijapata jibu la kumpa.

Cate yuko mlangoni pangu sasa. Amevaa koti zito, skafu, glavu. Mkononi ana koti jingine jembamba la Maxwel, amelipiga pasi.

"Wewe umevaa shati tu?" anauliza, na uso wake umejaa huruma ya kweli kabisa. "Tafuta kitu kizito, shemeji. Nje kuna baridi."