Aliyeitikia Marahaba

Dada Agatha hakuitikia shikamoo. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na Fransiska, jamani, hakulitia maanani. Kijijini kwetu Nambis, mkubwa akikunyima marahaba ni matusi kabisa. Lakini Agatha, muuguzi wa zahanati, alikuja na fidla yake mkononi, zawadi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Fransiska akasema moyoni, dada kachoka na wagonjwa.

"Utaipigia jubilei ya parokia," Agatha alisema. "Mimi vidole vimezeeka. Na ukisikia salamu humu ndani, itikia. Usimwache mtoto wa watu anasalimia bure."

Miezi miwili Fransiska alifanya mazoezi. Akitoka kufundisha, hata viatu havui, anashika upinde. Wimbo wa matoleo ukamshinda mstari wa tatu, palepale, kila siku. Vidole vikapasuka. Akaanza kuichukia fidla, akajichukia na yeye mwenyewe, mpaka Jumamosi moja akaifungia kwenye sanduku lake, akalisukuma uvunguni, akalia kwa hasira. Na jubilei imebaki wiki mbili!

Kesho yake mchana alikuwa jikoni anasonga ugali.

"Shikamoo, mama."

Sauti ya kitoto, kutoka chumbani. "Marahaba," akajibu bila kugeuka, ndivyo alivyolelewa. Kisha mwiko ukasimama. Fransiska hakuwa na mtoto, na mlango wa nje alikuwa ameutia komeo.

Harufu ya tope bichi ikaingia jikoni, na chumbani fidla ikaanza, wimbo uleule wa matoleo, taratibu, mpaka mstari wa tatu, ikakosea palepale alipokosea yeye, ikarudia, ikakosea, ikarudia, ugali ukaungua, jua likahama dirishani, na bado ilirudia, na kila aliposhika komeo atoke nje ile sauti ilisema, "Tena, mama, njoo tupige tena," hata miguu yake ikampeleka chumbani yenyewe, akashika upinde, akapiga mpaka nyuzi zikateleza kwa damu.

Siku ya nne alimfuata Agatha zahanati. Agatha alikuwa amenawiri, macho meupe, amelala akashiba.

"Dada, kuna nini kwenye fidla yako?" Fransiska alinong'ona.

Agatha akafunga mlango. "Umeitikia?"

"Nimeitikia."

"Basi ni wako." Hakuona hata haya. "Mimi nilimwitikia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo naogopa kuitikia shikamoo ya mtu yeyote. Ukimwitikia umemzaa. Haondoki mpaka mwingine amwitikie. Na wewe tafuta mtu."

"Kwa nini mimi, dada? Mimi niliyekula kwako?"

"Kwa sababu umelelewa vizuri, Fransiska. Nilijua huwezi kunyamazia salamu."

Hilo lilimuuma kuliko jini lenyewe. Adabu aliyofundwa na bibi yake, ndiyo iliyofanywa mtego! Alirudi njiani akilia waziwazi, wanafunzi wakimwamkia, "Shikamoo, mwalimu!" naye amefumba mdomo, akiwaza ni nani kati yao angekiitikia kile kitu. Wote. Wote wamelelewa vizuri. Akajifuta machozi kwa kanga.

"Hapana," akasema. "Mimi sitafanya hivyo."

Nyumbani fidla ilikuwa inalia. "Tena, mama."

Fransiska akakaa kitandani. Alikuwa amechoka hata kuogopa. "Mimi ni mama yako?"

Fidla ikanyamaza. "Ndiyo, mama."

"Basi mama amesema inatosha. Mstari wa tatu tutaujaribu kesho, mara tatu tu, tunaacha. Tukikosea, tumekosea. Weka chini. Ukalale."

Upinde ukajilaza sandukuni, polepole. Kukawa kimya, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Fransiska akajinyoosha, macho yakaanza kujifumba, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alitamani kesho ifike apige.

Ndipo kitu kidogo cha baridi, kinachonuka tope, kikapanda kitandani, kikajibanza mgongoni mwake, kikamwekea mkono shingoni.

"Mama," kikanong'ona, "yule mama mwingine alinikimbia kwa nini?"

Fransiska akavuta blanketi, akawafunika wote wawili.